Manjano ya Bolti Si Shahidi Tena

Kwa miongo mingi mnunuzi wa bolti, bawaba na mabano ya chuma alikuwa na kipimo kimoja cha haraka, nacho ni jicho. Kifaa chenye manjano yanayocheza rangi za upinde wa mvua kilikuwa kimepakwa zinki kwa umeme kisha kikachovywa kwenye kromati, yaani myeyusho wa chumvi za kromi unaoacha utando mwembamba juu ya zinki, na kila aliye kwenye kazi hiyo alijua kwamba manjano hustahimili kuliko ule weupe wa kibuluu. Hakikuwa kipimo cha kijinga. Rangi ile ilitokana na kromi yenye valensi 6, yaani ile yenye upungufu wa elektroni sita, iliyonaswa ndani ya utando. Utando ukiwa mnene rangi hukolea, na kutu huchelewa.

Uhusiano huo umekatika. Manjano mengi yanayouzwa leo ni rangi ya kutia, kama ile ya kitambaa, juu ya utando wa kromi ya valensi 3 ambao kwa asili yake ni wa kibuluu au wa kijani hafifu. Hata hivyo michoro ya kihandisi na hati za zabuni bado zinaandika "zinki ya manjano" na kuishia hapo. Anayeandika hivyo ameagiza rangi, na rangi ndiyo atakayoletewa.

Malalamiko yanayofuata yanajulikana: "Hii kromi mpya haifai kitu, ya zamani ilikuwa bora." Sikubaliani nayo, ingawa yana chembe ya ukweli nitakayoirudia. Kinachokilinda chuma ni unene wa zinki kwanza, na utando juu yake baadaye. Kromi ya valensi 6 ilikuwa na huruma kubwa kwa karakana zenye uchafu: ilifunika zinki nyembamba, maji machafu ya kusuuzia na tangi lililojaa chuma kilichoyeyuka. Ilipoondoka, madhambi hayo yakabaki uchi.

Tuanze na zinki, maana ndiyo inayosahaulika. Kwenye mizani ya kielektrokemia zinki iko kwenye volti −0.76 na chuma kwenye −0.44. Vikikutana ndani ya maji yenye chumvi, zinki ndiyo inayojitoa mhanga na kuliwa, na chuma kinabaki salama hata mahali palipokwaruzwa, mradi mkwaruzo si mpana. Nikeli na kromi ya mapambo hufanya kazi tofauti kabisa. Nikeli iko kwenye −0.25, juu ya chuma, kwa hiyo ni ukuta tu. Ukuta huo ukipata kitundu kidogo kama ncha ya sindano, chuma kilicho chini kinageuka anodi ndogo (upande unaoliwa) iliyozungukwa na kathodi kubwa (upande usioliwa), na shimo huchimbika kwa kasi. Ndiyo maana bampa ya zamani iliyong'aa kama kioo huanza kuonyesha vidoa vyekundu vya duara, wakati bolti ya zinki yenye mikwaruzo kumi bado ni nzima.

Ila anayejitoa mhanga huisha. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 kinagawa mazingira kwa kasi ya kuliwa kwa metali. Katika daraja C3, mazingira ya wastani ya nje, zinki hupotea mikromita 0.7 hadi 2.1 kwa mwaka. Katika C4, penye viwanda au chumvi ya kiasi ya pwani, ni 2.1 hadi 4.2. Katika C5 ni 4.2 hadi 8.4. Sasa chukua mikromita 8, unene wa kawaida wa bolti iliyopakwa kwa umeme, ugawe. Katika C4 una miaka miwili hadi minne. Katika C5 una mwaka mmoja, pengine miwili. Utando wa kromati, uwe wa valensi yoyote, unachelewesha mwanzo wa hesabu hiyo, hauifuti. Mtu anayetaka miaka ishirini nje pwani kwa zinki ya umeme anahitaji kuambiwa mapema kwamba kazi hiyo ni ya zinki ya kuchovya kwenye metali iliyoyeyushwa, ambayo chini ya ISO 1461 hufikia wastani wa mikromita 85 kwenye chuma cha unene unaozidi milimita 6.

Kwa nini basi tusiongeze zinki ya umeme hadi ifike huko? Kwa bolti, nyuzi zinakataa. Nyuzi za kipimo cha metriki zina pembe ya nyuzi 60, na hesabu ya jiometria inaonyesha kwamba kipenyo cha kati cha nyuzi kinaongezeka mara nne ya unene wa tabaka. Bolti ya M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10, yenye hatua ya milimita 1.5 kati ya uzi na uzi na nafasi ya 6g, daraja la kawaida la ulegevu kati ya bolti na nati, imeachiwa mikromita 32 tu kwa ajili ya kupakwa. Thelathini na mbili gawanya kwa nne ni nane. Anayedai mikromita 12 kwenye bolti hiyo bila kubadilisha nafasi ya nyuzi atapata nati zinazokwama, na lawama itamwangukia mpakaji.

Unene wenyewe hupatikana kwa hesabu ya Faraday, na hapa karakana nyingi hubahatisha. Ampea moja kwa saa moja huweka gramu 1.22 za zinki ikiwa mkondo wote unafanya kazi. Uzito mahususi wa zinki ni gramu 7.14 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo ampea 2 kwa kila desimita ya mraba hujenga mikromita 0.57 kwa dakika. Mikromita 8 zinataka dakika 14. Hiyo ni kwenye tangi la kloridi lenye asidi kidogo, ambako zaidi ya asilimia 95 ya mkondo huwa zinki. Kwenye tangi la alkali lisilo na sianidi sehemu ya mkondo hupotea kutengeneza haidrojeni, na ufanisi wa asilimia 65 si wa ajabu. Dakika 14 zinakuwa 22. Ndani ya pipa linalozunguka, ambamo bolti hupokezana kugusa umeme, wastani wa ampea kwa desimita hushuka chini ya moja, na muda unafika dakika 40 au zaidi.

Kosa lililozoeleka zaidi haliko kwenye saa bali kwenye eneo. Fundi hupima mzigo kwa kilo, na kilo hamsini za skrubu ndogo zina eneo kubwa mno kuliko kilo hamsini za bolti nene. Eneo halisi likizidi makadirio kwa theluthi moja, unene unapungua kwa robo: mikromita 8 zimekuwa 6, na amita inaonyesha ampea zile zile. Halafu asidi ya kuamsha uso na utando wenyewe hula sehemu ya zinki hiyo kabla haijatoka kiwandani. Anayelenga 8 kamili atatoa pungufu.

Umeme nao una upendeleo. Hukimbilia kingo na ncha, huogopa pembe za ndani. Bano lililoning'inizwa kwenye fremu linaweza kuwa na mikromita 15 kwenye kona na 4 kwenye mkunjo, na ripoti ikasema "wastani 9". Viwango vinajaribu kuzuia ujanja huo kwa kusema unene wa chini upimwe kwenye uso muhimu, ambao usipotajwa ni ule unaoweza kuguswa na mpira wa kipenyo cha milimita 20. Mashimo na mikunjo mikali inaachwa nje ya kanuni hiyo. Kutu haiachi. Tangi la alkali linasambaza zinki kwa usawa zaidi, na kwa vifaa vyenye mikunjo hilo ni faida inayozidi ile kasi ya tangi la kloridi.

Sasa utando. Mwaka 1936 nchini Marekani kampuni ya New Jersey Zinc ilipata hataza ya mbinu iliyojulikana kama Cronak: kuchovya zinki kwa sekunde chache ndani ya dikromati ya sodiamu ya takriban gramu 200 kwa lita pamoja na asidi ya salfuriki kidogo. Kinachotokea ni kizuri kukiangalia kwa jicho la kemia. Asidi huyeyusha zinki juu-juu, elektroni zinazoachiwa zinapunguza kromi ya valensi 6 kuwa ya 3, ayoni za haidrojeni zinatumika na pH, kipimo cha asidi ambacho hupanda asidi ikipungua, inapanda pale pale usoni, na hidroksidi ya kromi inaganda kama ute. Ndani ya ute huo inabaki akiba ya kromi 6 ambayo haijabadilika, nayo huyeyuka kwa maji. Ukikwaruza, unyevu huibeba akiba hiyo hadi kwenye jeraha, inapunguzwa tena, na utando mpya unajifunga. Utando unaojitibu.

Hiyo ndiyo chembe ya ukweli niliyoiahidi. Utando wa kromi 3 hauna akiba ya namna hiyo, na hakuna brosha inayoweza kuubadilisha ukweli huo. Kwa vifaa vinavyogongana ndani ya pipa, vikamwagwa kwenye sanduku, vikakusanywa kwa mashine, kupotea kwa tiba hiyo ni hasara ya kweli.

Lakini utando wa zamani ulikuwa na udhaifu ambao wanaousifu hawautaji. Ulikuwa ute wenye maji, na ukipita takriban nyuzijoto 60 ulikauka, ukapasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi, na kinga ikaporomoka. Karakana zilizokausha kwa hewa ya nyuzijoto 90 ili kuharakisha kazi ziliharibu kwa mkono wa kushoto kilichojengwa na wa kulia. Siku ya kwanza ulikuwa laini kiasi cha kufutika kwa kidole, na ulihitaji kama saa 24 kukomaa. Utando mnene wa kromi 3 hutoka mgumu na huvumilia nyuzijoto 120 na zaidi. Karibu na injini, ule mpya unamshinda wa zamani bila ubishi.

Na suala la afya halijadiliki. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka michanganyiko ya kromi 6 kwenye Kundi la 1, yaani visababishi vya saratani kwa binadamu, mwaka 1990. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye tabaka za kuzuia kutu za magari kuanzia Julai 2007, na kwenye vifaa vya umeme na elektroniki iliwekewa kikomo cha asilimia 0.1 ya uzito wa kila sehemu yenye maada moja kuanzia Julai 2006. Utando wa bolti moja una kiasi kidogo mno. Anayeumia ni anayesimama juu ya tangi kila siku akivuta mvuke.

Turudi karakanani, kwenye hayo madhambi. La kwanza ni kusuuza. Kila kifaa kikitoka kwenye tangi kinabeba myeyusho, na karakana nyingi zinadhani maji mengi yanatosha. Hesabu inasema vingine. Tuseme kila mzigo unabeba lita moja na unataka myeyusho huo upunguzwe mara elfu. Ukiwa na tangi moja la kusuuzia unahitaji lita 1000 za maji safi. Ukiwa na mawili yanayopokezana, maji yakienda kinyume na mwendo wa vifaa, unahitaji 32 hivi. Matatu, lita 10. Anayeongeza tangi la pili anapata usafi ule ule kwa maji ya ndoo tatu. Myeyusho wa kromi 6 ulikuwa na asidi na kioksidishaji chenye nguvu za kuunguza mabaki ya alkali na ya king'arisho, kemikali inayotiwa tangini ili zinki ing'ae. Ule wa kromi 3 hauna ubavu huo: pH yake huwa karibu na 2, na tone la alkali linaloletwa na kila bolti huipandisha polepole hadi utando unatoka na ukungu mweupe.

La pili ni kuruka hatua ya kuamsha uso. Baada ya kusuuza, zinki inahitaji sekunde tano hadi kumi na tano ndani ya asidi ya naitriki ya asilimia 0.5 hivi ili kuondoa ngozi ya king'arisho na alkali. Ikirukwa, utando unashika kwa mabaka. Ikizidishwa, inakula zinki. Asidi hii huchakaa na kujaa zinki, na wapo wanaoisahau kwa wiki nzima kwa sababu ni tangi dogo lisilo na jina.

La tatu ni chuma, na ndilo ninaloliona kuwa baya kuliko yote kwa sababu linaonekana mahali pasipo chanzo chake. Bolti huanguka chini ya tangi la kloridi, zinalala humo, zinayeyuka. Chuma kinapanda pamoja na zinki kwenye tabaka. Kwenye tangi la zinki kila kitu kinang'aa. Kifaa kikiingia kwenye kromi 3 kinatoka na vivuli vyeusi kwenye kingo, pale mkondo ulipokuwa mkali, na fundi anamwaga myeyusho wa kromi akidhani ndio mbovu. Dawa ni kuokota vilivyoanguka kwa sumaku kila zamu, kisha kutia peroksidi ya haidrojeni iliyozimuliwa, kidogo kidogo huku myeyusho ukikorogwa, ili chuma kigeuke kuwa mashapo ya kahawia yanayonaswa na chujio. Kutia nyingi kwa pupa huunguza king'arisho, na hapo tatizo moja limezaa la pili. Mabomba ni kisa kingine: ndani yake zinki haifiki, kwa hiyo kila bomba likichovywa kwenye kromi linakuwa linamwaga chuma moja kwa moja.

Joto la tangi na muda havihitaji maneno mengi. Utando mnene wa kromi 3 kwa kawaida unataka myeyusho wa moto wa nyuzijoto 40 hadi 60 na dakika nzima au zaidi, si sekunde kumi za zamani. Pipa lililozoea kuchovya na kutoa litatoa utando mwembamba wenye sura nzuri.

Kuna mtego mmoja ambao hauhusu kutu bali uhai wa kifaa. Kusafisha kwa asidi na kupaka kwa umeme huingiza haidrojeni ndani ya chuma, na chuma kigumu chenye haidrojeni hukatika ghafla, saa au siku kadhaa baada ya kukazwa. Bolti za daraja la nguvu la 12.9, zenye ugumu wa 39 hadi 44 kwa kipimo cha Rockwell C, ziko eneo la hatari. Zinaokwa kwa nyuzijoto 190 hadi 220 kwa saa kadhaa, na tanuru lianze ndani ya saa nne baada ya kupaka. Kuoka kunakuja kabla ya kuchovya kwenye kromati, kisha uso unaamshwa upya kwa naitriki. Anayeoka baadaye amepika utando wake. Na kuoka si kinga kamili: kwa bolti za ugumu huo, tabaka la vipande vya zinki linalopakwa bila umeme ni chaguo lenye akili zaidi.

Kisha kuna saa za ukungu wa chumvi, sarafu inayotumiwa vibaya kuliko zote katika biashara hii. Jaribio la ISO 9227 au ASTM B117 hunyunyiza chumvi ya asilimia 5 kwa nyuzijoto 35 bila kupumzika. Kiwango cha Marekani cha ASTM B633 kinadai saa 96 bila kutu nyeupe, yaani kutu ya zinki yenyewe, kwa utando wa kromati wa rangi, na saa 12 tu kwa ule wa kromati usio na rangi. Namba nzuri. Lakini saa 96 si miezi wala miaka ya mahali popote. Zinki nje hujilinda kwa kulowa na kukauka kwa zamu, ikichukua kaboni dioksidi hewani na kujenga ganda la kabonati. Ndani ya kabati la chumvi haikauki kamwe, ganda halijengeki. Ndiyo maana kulinganisha zinki na rangi ya mafuta au chuma kisichoshika kutu kwa saa hizo ni kupoteza muda. Jaribio lina thamani kwa jambo moja: kifaa kile kile, laini ile ile, wiki hii na wiki iliyopita. Ikiwa kilichokuwa kikifika 120 leo kinakwama 60, kuna tangi lililoharibika, na sasa unajua pa kuanza kutafuta.

Mnunuzi aandike nini, basi? Aandike Fe/Zn 8, ambayo maana yake ni zinki isiyopungua mikromita 8 juu ya chuma, na aonyeshe kwenye mchoro nukta za kupimia. Aandike utando usio na kromi 6, na saa hadi kutu nyeupe zikitengwa na saa hadi kutu nyekundu, kwa sababu za kwanza zinapima utando na za pili zinapima zinki. Rangi iwe ya mwisho, ikiwa ina kazi ya kutofautisha vifaa. Akitaka kuhakikisha kwamba manjano aliyoletewa si ya zamani, vifaa vichemshwe kwenye maji safi, maji hayo yatiwe asidi na difenilkabazaidi, kemikali ya kutambulisha kromi 6. Zambarau ikitokea, kromi 6 imo.

Upande wa maji taka mabadiliko hayakuwa rahisi kama yalivyotangazwa. Kromi 6 ilihitaji kupunguzwa kwanza kwa metabisalfaiti ya sodiamu kwenye pH ya 2 hadi 3, kilo 2.74 kwa kila kilo ya kromi kwa hesabu ya kemia na zaidi ya hapo kwa vitendo, kabla ya kupandisha pH hadi 8.5 hivi ili hidroksidi itue. Kwa kromi 3 hatua ya kwanza imeondoka. Lakini myeyusho wake una asidi za kikaboni zinazoshikilia metali zisigande, na ukiumwaga pamoja na maji mengine ya karakana, zinki na kromi zinapita juu ya mashapo na kutoka nje. Unahitaji mfereji wake.

Na iko deni nyingine inayokaribia kudaiwa. Utando mnene wa kromi 3 ulifikia saa za manjano ya zamani kwa msaada wa kobalti, na chumvi za kobalti sasa zimo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya kemikali zinazotia wasiwasi mkubwa. Zaidi ya hapo, kobalti imeonekana kuchochea chembe za kromi 3 zigeuke kuwa 6 vifaa vikihifadhiwa kwenye joto na unyevu, kwa hiyo kifaa kilichotoka kiwandani kikiwa safi kinaweza kufeli kipimo baada ya kukaa ghalani. Michanganyiko isiyo na kobalti ipo, na mingi inategemea tabaka la mwisho la silika juu ya utando ili kufikia saa zile zile. Karakana ambayo bado inasuuza kwa tangi moja itaona michanganyiko hiyo nayo haifai.